Kengele Iliyorudi Garini

Mwezi uliopita tulimzika Ta Salvatori, yaani Mzee Salvatori, katekista wa zamani wa kigango cha Chonyonyo, kanisa letu dogo, kwenye migomba ya nyumba yake mwenyewe. Baada ya mazishi tulipewa chakula chini ya turubai. Nilikaa upande wa wazee, kwa kuwa sasa na mimi ni mzee, lakini sahani yangu niliishika magotini kama nilivyoishika ujanani, nikila haraka bila kuinua macho. Nyuma yangu walikaa vijana wawili wa kwaya. Mmoja alisema kwamba bibi yake humsimulia kuwa zamani kigango hiki kilikuwa na kengele nzuri, halafu ikachukuliwa ikafungwa kwenye gari. "Kengele kwenye gari ya nini?" mwenzake akauliza. "Sijui. Labda ilikuwa honi." Wakacheka kwa sauti ya chini, kama watu wanavyocheka msibani. Mtu mwenye jibu alikuwa amewapa mgongo, hatua mbili tu kutoka walipokaa, na mgongo huo ulikuwa umepata moto kama jiko. Sikugeuka. Nilimaliza ndizi zangu, nikanawa, nikaaga. Tangu siku hiyo ninaandika haya, polepole, kwa kuwa shule yangu ni ya msingi na mkono wangu umeshika spana miaka mingi kuliko ulivyoshika kalamu.

Habari za wazazi wangu na walikotoka nitaziacha. Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa katikati ya miaka ya themanini. Vita vilikuwa vimekwisha lakini vitu madukani vilikuwa havijarudi. Nilikuwa nimejifunza ufundi kwa fundi mmoja wa Kayanga ambaye naye hakuwa mtu wa maneno. Alinifundisha kwa kunionyesha na mimi nilijifunza kwa kutazama, na nilipoona nimetazama vya kutosha nikamuaga. Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa pikapu ya Ta Fulgensi wa Chonyonyo, mkulima wa kahawa. Ilikuwa gari pekee upande ule wa kilima. Ilibeba kahawa, ilibeba wagonjwa, ilibeba maharusi na maiti, na breki zake za nyuma zilikuwa zimekwisha kabisa.

Alinipa chumba kando ya stoo ya kahawa. Kati ya kitanda changu na magunia palikuwa na ukuta wa fito ambao haukukandikwa mpaka juu, kwa hiyo nililala ndani ya harufu ya kahawa ya maganda, na maneno ya sebuleni yaliniingilia juu ya ukuta kama moshi. Jioni ya kwanza tulikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, zimechanganywa na maharage na kumiminwa kwenye majani ya mgomba katikati ya mkeka. Nilikula upande wangu, kidogo kidogo, nikaondoka mapema. Nikiwa kitandani nikamsikia Ma Adventina, mke wa Ta Fulgensi, akisema, "Kijana huyu anakula kama anaiba."

"Mwache," mumewe akajibu. "Ana aibu."

"Aibu ya nini? Ndizi ni zetu, tumbo ni lake."

Nilivuta blanketi nikajifunika masikio. Ilikuwa kweli. Nilikuwa kijana wa kuona haya kwa kila kitu: kwa Kiswahili changu, kwa viatu vyangu, hata kwa kuitikiwa salamu. Nikimwambia mtu mzima shikamoo na yeye akachelewa kuitikia, nilikuwa tayari nimegeuza njia.

Breki za nyuma za pikapu ile zilikuwa za dramu. Dramu ni kama sufuria ya chuma kizito inayozunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake zinakaa shu mbili ambazo hutanuka kuikamata ukikanyaga pedali. Shu za Ta Fulgensi zilikuwa zimelika mpaka chuma kinagusa chuma, na shu mpya hazikupatikana Kayanga wala Bukoba. Mafundi walikuwa wakikata vipande vya shu za malori na kuvipigilia kwa misumari ya ribiti, lakini vilibanduka mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa na wazo jingine. Breki za mbele za pikapu hiyo zilikuwa za diski, yaani sahani ya chuma inayobanwa na pedi huku na huku, na Kihanga palikuwa na pikapu ya aina ileile iliyopinduka, imelala uani kwa mwenyewe na kuku wanatagia ndani. Diski zake za mbele zilikuwa nzima, pedi zake bado nene. Nilibeba wazo hilo siku kadhaa bila kulisema. Hatimaye nililisema nikiwa chini ya gari, kwa sababu chini ya gari nilikuwa sionekani uso.

"Ta, zile za mbele za gari la Kihanga tunaweza kuzitia nyuma ya hili."

"Za mbele ziende nyuma?"

"Ndiyo, Ta."

Akafikiri. "Na gari litajua mbele ni wapi?"

Nilicheka peke yangu kule chini. Alikubali. Yule wa Kihanga alizitoa diski kwa furaha, kwa kuwa alikuwa akitafuta nafasi ya banda la ng'ombe. Karakana ya misheni walinipanulia tundu la katikati kwa mashine yao ya kukereza, na hapohapo wakanichomelea vipande viwili vya bamba nene la kushikilia kalipa, kile kibano cha pedi, kwenye ekseli. Nilipima kwa uzi na kwa macho, na nilipofunga kila kitu, gurudumu lilizunguka bila kugusa. Mpaka leo ninaona fahari kidogo nikikumbuka gurudumu lile linavyozunguka, na fahari hiyo nayo inanitia haya. Ulipofika wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba ya mafuta ya breki hapakuwa na mtu wa kukanyaga pedali isipokuwa Ma Adventina. Alipanda na kanga zake, akashika usukani kama anashika mpini wa jembe. Mimi chini: "Kanyaga, Ma. Shikilia. Achia. Kanyaga tena." Sikuwahi kabla ya hapo kumwamrisha mtu mzima, na kila neno nililifuatisha na "samahani, Ma," mpaka akasema, "Kama utaomba samahani kila nikikanyaga, tutafika Krismasi. Sema tu, leo mimi ndiye utingo wako."

Tuliijaribu kwenye mteremko mkubwa unaoshuka toka Chonyonyo mpaka kwenye daraja la magogo. Ilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Kasoro ilikuwa moja: breki ya mkono ilikuwa ikifanya kazi ndani ya dramu, na dramu zilipotoka nayo ilikwenda. Ikabidi gari litembee na jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Ta Fulgensi hakujali. Alilichagua jiwe mwenyewe, akalipaka rangi nyeupe, na kila alipokwenda alisimulia kwamba gari lake lina sahani nne. "Gari lina sahani nne," Ma Adventina alikuwa akisema akitupakulia, "na mwenye gari anakulia kwenye jani."

Dramu zile mbili zilibaki uani. Moja Ma Adventina aliigeuza akaitia maji ya kuku. Ya pili iliombwa na Ta Salvatori. Wakati huo alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mguu mmoja mfupi kidogo kwa sababu ya ugonjwa wa utotoni, na kigango chake kilikuwa kikiita watu kwa rimu kuukuu la baiskeli ambalo hata mbuzi hawakugeuka wakilisikia. Aliitundika dramu kwa waya kwenye mti wa mgrevilea mbele ya kigango, akaigonga kwa bolti. Sikutegemea ile sauti. Ilikuwa nene kwanza, halafu ikawa nyembamba, ikaenda ng'ambo ya bonde na kurudi. Padri alipokuja kusoma misa, waumini wakamwomba aibariki. Akainyunyizia maji ya baraka, na kwa kuwa walisema kengele huwa na jina, akaipa jina la Sesilia. Kisha Ta Salvatori akanisimamisha mbele ya watu wote, akasema, "Huyu Novati ndiye fundi aliyetupatia kengele." Wanawake wakapiga vigelegele. Nilisimama nikitazama mlango. Ningeweza kuwaambia kwamba sikuwapa kengele, niliwapa chuma kilichobaki, lakini ulimi haukunyanyuka, na tangu hapo watu wa Chonyonyo walinisalimia wao kwanza njiani, hata wakubwa kwangu, jambo ambalo lilinifanya nipite mashambani.

Mambo yaliharibika mvua za vuli zilipoanza. Kwenye njia za tambarare gari lilikwenda vizuri, lakini Ta Fulgensi alianza kusema kwamba limekuwa zito, halipendi kukimbia, na linanuka. Nililikagua mara nyingi. Nilipolinyanyua kwa jeki, magurudumu yalizunguka kwa shida kidogo. Nikalegeza hiki, nikasugua kile, likawa sawa, kesho yake likarudia. Siku ya gulio la Nyakasimbi tulirudi na watu wamejaa nyuma, mikungu ya ndizi, mbuzi, na mzee mmoja mwenye jerikeni la rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, alilokuwa akilipeleka ukweni. Tulipokuwa tukishuka mteremko wa daraja, moshi ukatoka kwenye magurudumu ya nyuma. Ta Fulgensi akakanyaga, pedali ikashuka mpaka chini, akakanyaga tena na tena, akaingiza gia ndogo, na gari likasimama mita chache kabla ya magogo, mbuzi akilia na wanawake wakimtaja Maria. Mtu mmoja akaruka akaweka lile jiwe jeupe.

Diski zilikuwa zimeiva nyekundu. Watu wakapiga kelele kwamba gari litaungua, litafutwe maji, na maji hayakuwepo karibu ila mtoni chini. Yule mzee hakusita. Akafungua jerikeni lake akasema, "Wakwe watanisamehe," akaanza kuinamisha. Nilijua. Chuma kilichoiva hakimwagiwi kitu cha baridi. Hilo nilijifunza wiki ya kwanza Kayanga. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa mkubwa kuliko baba yangu, pombe ilikuwa yake, alikuwa akiitoa kwa ajili yetu, na mimi ndiye niliyezitia diski zile. Nani angenisikiliza? Mdomo ulibaki wazi na rubisi ikamwagika. Diski ililia kama chungu kinachopasuka jikoni, mvuke ukapanda wenye harufu ya ndizi zilizoungua, na mzee, akidhani amefaulu, akaenda upande wa pili akamalizia huko. "Sasa," mtu mmoja akasema, "gari la Ta Fulgensi limekunywa pombe ya ukweni. Lioe nalo." Watu wakacheka kwa sababu walikuwa hai. Ta Fulgensi alicheka pia, kisha akanitazama, akaacha kucheka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kibarua katika gereji moja Mwanza, nilimwona fundi akifungua masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki, ya gari alilokuwa akilibadilisha breki vilevile. Kwenye njia ya mafuta ya kwenda nyuma akachomoa kwa koleo kivalvu kidogo kama harage. Nikamwuliza cha nini. Akasema hicho kinabakiza nguvu kidogo kwenye bomba hata ukiachia pedali; dramu zinaitaka nguvu hiyo, lakini diski ukiziachia nayo, pedi hazibanduki, zinasugua njia nzima mpaka mafuta yachemke. Alisema kama mtu anayesema jua hutoka mashariki. Nilitoka nje nikajifanya ninakwenda haja, nikasimama nyuma ya ukuta. Kitu kama harage. Yote yaliyofuata Chonyonyo, ambayo sasa nitayasimulia, yasingekuwepo kama ningekijua kitu kile, na hapakuwa na mahali pa kukijulia; mwalimu wangu hakukijua, na vitabu vilivyokuwa karakana ya misheni havikuwa vya lugha yangu. Hata hivyo aibu haiulizi kama ulikuwa na njia ya kujua. Inakaa tu.

Diski zote mbili zilikuwa na ufa. Ta Fulgensi hakunigombeza, na hilo lilikuwa zito kuliko kugombezwa. Jioni ile juu ya ukuta wa fito nilimsikia akimwambia mkewe kwamba amewaahidi watoto wa kipaimara kuwapeleka parokiani kwa askofu, na siku yenyewe imekaribia. Mtoto wao wa mwisho alikuwa mmoja wao. Wengine walikuwa wadogo, njia ni ndefu, mto umejaa. Shu mpya za dramu zilikuwa zimeanza kuonekana Bukoba, na dereva mmoja wa lori alikuwa ameleta seti.

"Basi azirudishe za zamani," Ma Adventina akasema.

"Dramu moja inanyweshea kuku."

"Kuku watakunywa kwenye kibuyu."

"Na ya pili?"

Upande wangu wa ukuta nilivuta tena blanketi nikajifunika masikio.

Jumapili baada ya sala, Ta Salvatori alinizuia mlangoni. Ta Fulgensi alikuwa amekwisha kumdokeza. Nilidhani atawatangazia watu mwenyewe, lakini alisema, "Wewe ndiye fundi. Waambie." Nikasimama mbele yao mara ya pili. Safari hii hapakuwa na vigelegele. Nilisema, "Ninaomba dramu." Nikakwama. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Dramu gani?" Nikanyoosha kidole nje, kwenye mti.

Kelele zilizotokea sitazisahau. Bibi mmoja, Ma Felista, ambaye hakukosa sala hata siku moja, alisema Sesilia amebatizwa, na aliyebatizwa harudi alikotoka. Mwingine akauliza kama padri ataitwa kumwondolea ubarikio. Kijana mmoja akasema, "Kwa hiyo tukipanda gari tutavua kofia?" Ta Fulgensi alijaribu kueleza juu ya watoto, wakamwambia atafute dramu kwingine, akasema kwingine hakuna. Nilibaki nimesimama katikati, mikono nyuma, nikitamani sakafu ya udongo inimeze. Ndipo Ma Adventina aliposimama, akajifunga kanga vizuri.

"Nyie," akasema, "kengele inatuita kwa Mungu, si ndiyo? Basi mtoto wangu atashuka mteremko ule Jumapili ijayo. Ninaomba kitu cha kumzuia asifike kwa Mungu mapema. Mteremsheni Sesilia."

Wakacheka, na walipokwisha kucheka jambo likawa limekwisha. Lakini Ta Salvatori hakuwa amecheka. Alikuwa akiutazama mguu wake mfupi. "Ni sawa," akasema taratibu. "Ila Jumapili ijayo nani ataita watu? Rimu nililigawa. Mimi mlima huu siuzunguki." Hakumtazama mtu, lakini wote walinitazama mimi. Sikusema ndiyo. Sikusema kitu. Kwetu kijana akinyamaza mbele ya wazee amekubali, na wao wakafunga sala, wakaenda zao, wakiwa wamepata mwitaji.

Dramu niliipandia ngazi nikaikata waya mwenyewe. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Niliibeba kifuani mpaka uani kwa Ta Fulgensi, na watu waliokutana nami njiani walisogea pembeni kama wanavyosogea penye maiti. Kuna jambo ambalo kila fundi hulifanya kabla ya kufunga dramu kuukuu: unaitundika kidoleni unaigonga, ikilia vizuri ni nzima, ikitoa sauti ya chungu kibovu ina ufa. Hii ilikuwa imepigwa kwa bolti miezi mingi, kwa hiyo nilihofu. Nikaitundika kwenye kamba, nikaigonga pale ilipopigwa zaidi. Ililia. Nikaigonga upande wa pili, ikalia. Nikazunguka nayo hivyo, nikiinamisha sikio, nikiwa na furaha kidogo kwa mara ya kwanza wiki ile. Nilipoinua kichwa, Ma Felista alikuwa amesimama kwenye njia ya migomba, amevaa kanga zake za kanisani, rozari mkononi, anahema.

"Nimechelewa?" akauliza.

"Hapana, Ma."

"Nimesikia Sesilia."

"Nilikuwa ninapima ufa, Ma."

Hakuelewa, au alielewa. Alitazama gari lililonyanyuliwa kwenye magogo, akaitazama dramu kwenye kamba. "Nilikuwa ninapalilia," akasema. Akakaa kwenye kinu kilichogeuzwa, akasali rozari yake yote hapohapo uani, kwa sababu alikuwa amekwisha kunawa. Mimi sikuweza kuendelea kugonga wala kuondoka. Nilipiga magoti karibu na tairi nikijifanya ninasugua kutu kwenye ile ya kuku, nikiitikia moyoni, mpaka akamaliza akaniaga kwa heshima kama mtu aliyetoka ibadani.

Nilifunga dramu zote, shu mpya, na breki ya mkono ikarudi. Tulijaribu gari Alhamisi, likiwa tupu, likasimama. Lakini hata kwa diski lilisimama siku ya majaribio. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilikuwa nimekwisha kujua kwamba kazi yangu inaweza kupendeza siku ya kwanza na kuua siku ya gulio, na nilikuwa sijui kwa nini, na mtu asiyejua kwa nini liliharibika anajuaje kwamba limepona? Ma Adventina aliniuliza Jumamosi akinipakulia, "Gari ni zima?" Nikasema, "Ni zima, Ma." Akaniongezea maharage.

Asubuhi ya Jumapili kulikuwa na manyunyu. Watoto wa kipaimara walipakiwa nyuma ya pikapu wakiwa na nguo nyeupe chini ya mifuko ya nailoni, wanaimba. Mama zao, ambao gari halikuwatosha, waliwashikisha vitambaa vya kichwa, wakawaambia wasisimame gari likienda. Ta Fulgensi aliniambia, "Ningependa fundi apande nyuma. Lakini wewe una kazi." Kazi yangu ilikuwa juu ya kichuguu kando ya kigango. Ta Salvatori alikuwa amenifundisha maneno: nitaje jina la kigango, niseme saa ya sala imefika, njooni. Maneno machache tu. Niliyarudia wiki nzima chini ya gari kwa kunong'ona. Nilipanda, na toka pale juu niliona kilima chote: nyumba katikati ya migomba, moshi wa majiko, watu waliosimama milangoni wakiwa tayari, wakisubiri sauti. Na upande wa pili, chini, niliuona mteremko mzima mpaka kwenye magogo.

Ta Salvatori alikaa mlangoni mwa kigango. "Ita," akasema.

Pikapu ilikuwa imefika kichwa cha mteremko. Nikawa siwezi. Alidhani ni haya zangu za kawaida, akasema tena kwa upole, "Ita, mwanangu, watu wanangoja." Nililiona gari likianza kushuka. Watoto walikuwa wakiimba bado. Wimbo ulinifikia vipande vipande. Lilifika kwenye kona ya kwanza, taa nyekundu ya nyuma ikawaka, likapungua. Likaachia. Kona ya pili, tope jekundu, likayumba kidogo upande, mimi nikashika shati langu kifuani. Halafu sehemu ile iliyonyooka, ndefu, ambako moshi ulitokea. Nilitafuta moshi. Manyunyu yalinichanganya, kila mvuke niliuona moshi. Taa ikawaka, ikakaa imewaka, gari likaenda taratibu, taratibu zaidi, na mbele ya magogo ya daraja likasimama kabisa. Ta Fulgensi akashuka kutazama maji ya mto. Alishuka akaliacha, bila jiwe, na gari halikusogea.

"Limesimama!"

Ilikuwa sauti yangu. Sikuijua. Ilitoka kubwa, ikaenda ng'ambo ya bonde ikarudi, na kilima kizima kiliisikia. Milangoni watu wakageuka. Kisha wakaanza kutoka, haraka, wengine wakikimbia na watoto mgongoni, kwa njia zote za migomba, na wa kwanza kufika alikuwa Ma Adventina, jani la mgomba kichwani.

"Nini kimesimama?"

"Gari, Ma."

Akageuka akautazama mteremko, akaliona dogo kule chini, na nguo nyeupe ndani yake. Akarudi kunitazama mimi, na niliona uso wake ukielewa polepole.

"Kumbe ulikuwa hujui," akasema.

Wengine walikuwa wamekwisha kufika, mama za watoto wale, wamesimama chini ya kichuguu wanahema. Wote walikuwa wakingoja jibu langu. Ningeweza kusema nilijua.

"Nilikuwa sijui, Ma."

Mvua ilipiga kwenye jani lake. "Na sisi tumekupa watoto," akasema, si kwa hasira, kama mtu anayejihesabia mwenyewe alichofanya. Nilianza kushuka ili niondoke, niende mbali, Kihanga au popote. Ta Salvatori, aliyekuwa ameinuka na kusogea, akanizuia kwa fimbo yake, akaiweka mbele ya kifua changu kama mti wa kizuizi barabarani.

"Bado hujaita," akasema.

"Ta, watu wamekwisha kuja."

"Wamekuja kuuliza. Waite waje kusali."

Nikarudi juu. Walikuwa karibu sana nami, hakuna hata mmoja aliyehitaji sauti kubwa, na wote walikuwa wakinitazama. Niliiangalia miguu yao, yote imejaa tope jekundu mpaka kwenye vifundo, nikataja jina la kigango, nikasema saa ya sala imefika, nikasema njooni.

Ma Adventina akashusha jani kichwani, akaingia. Nao wakamfuata.